Nyumba vyumba sita, choo kimoja

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki, wengine wananiandikia mpaka saa sita usiku, "bro PC yangu ina RAM 8, naweza kuendesha VM ngapi?" Na mimi kila siku najibu kwa swali: diski yako ni ya aina gani? Hapo mtu ananyamaza, au anajibu "GB 500" kama vile nimemuuliza ukubwa. Sijauliza ukubwa jamani. Ndo maana nimeamua niandike hapa mara moja, nikiulizwa tena natuma linki naenda kulala.

Kwa ambao hawajawahi kuigusa, VM au mashine pepe ni kompyuta nzima inayoishi ndani ya kompyuta nyingine kama programu. Diski yake kiukweli ni faili moja kubwa tu kwenye diski yako, RAM yake (kumbukumbu ya muda ambako programu zinafanyia kazi) ni kipande ulichomkatia kwenye RAM yako, kadi ya mtandao ni ya kubuni, ila ukiiwasha inaleta yale maandishi ya mwanzo kama kompyuta yoyote, unaiwekea mfumo wa kuendeshea, Windows au Linux, na yenyewe haina habari kwamba iko ndani ya kitu. Ikiharibika unafuta faili, unaanza upya, kompyuta yako haijaguswa.

Sasa mimi nimekulia nyumba ya kupanga Tandika, zile nyumba zetu za korido katikati, vyumba vitatu kulia vitatu kushoto, uani bomba moja na choo kimoja. Wataalamu ile kompyuta inayobeba wanaiita hosti na zile zinazobebwa wanaziita gesti, ila gesti kwa Kiswahili chetu ni kitu kingine kabisa na sitaki mama akipita humu aanze kuniuliza maswali, kwahiyo mimi nasema mwenye nyumba na wapangaji. RAM ni vyumba, kila mpangaji na cha kwake, ukishampa huyu humpi yule. Prosesa, ule ubongo unaopiga hesabu, ni kama jiko la uani, mnapokezana na mara nyingi hamgongani maana hampiki muda mmoja. Na diski ndo choo. Saa kumi na mbili asubuhi watu wote wamesimama na ndoo, na hapo hata uwe na chumba kikubwa namna gani, unasubiri zamu yako.

Tofauti ni moja tu na Tandika: humu kila mpangaji anaamini nyumba nzima kajenga yeye.

Haya, ilianza hivi. Nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba Kariakoo, Core i5 ya kizazi cha nne, kore nne (yaani prosesa ina sehemu nne za kufanyia kazi), RAM 8, na diski ya GB 500 ile ya kuzunguka. Lengo lilikuwa kujifunza mambo ya seva bila kununua seva. Nikaweka VirtualBox, programu ya kutengenezea VM, juu ya Windows 10, nikapakua Ubuntu, aina moja ya Linux, kwa bando la usiku, nikabonyeza niunde mashine mpya, kwenye orodha naona mifumo ya biti 32 tu. Ya biti 64 hakuna. Nikafuta VirtualBox nikaiweka tena, bado. Nikashusha toleo la zamani, bado. Siku mbili nzima nahangaika na programu, kumbe shida haiko kwenye programu, kuna swichi ndani ya BIOS, ile programu ndogo inayoamsha kompyuta kabla ya Windows, inaitwa Virtualization Technology, ilikuwa imezimwa. Unawasha kompyuta, unagonga F2 kama mwendawazimu mpaka BIOS itokee, unaitafuta kwenye mambo ya prosesa, unaiwasha, unasevu, basi. Sekunde 40. Kama na wewe uko hapo saizi unalaumu kila kitu, kaangalie hiyo swichi kwanza.

Na hiyo swichi ina historia nzuri, ngoja niwapitishe haraka. Wazo lenyewe ni la zamani mno, IBM walikuwa nalo miaka ya 1960 kule Cambridge, Massachusetts, mfumo wa kwanza uliitwa CP-40, halafu 1972 wakatangaza VM/370. Kompyuta ilikuwa inajaza chumba na bei yake haisemeki, kwahiyo wakagawa moja ionekane nyingi, kila mtu ajione ana ya kwake. Umaskini wetu na ujanja wao ni kitu kimoja. Ila prosesa za PC zetu hazikutengenezwa kwa mambo hayo. Mpangaji akijaribu kufanya kitu cha mwenye nyumba, mfano kugusa mita, inatakiwa kengele ilie mwenye nyumba aje ashughulikie, sasa zile prosesa zilikuwa na maagizo 17 ambayo mpangaji akiyatumia kengele hailii, na anapata jibu la uongo au hapati kitu. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa 1998, wakatoa bidhaa yao ya kwanza 1999 kwa ujanja wa kusoma maagizo ya mpangaji na kuyaandika upya hapohapo kabla hayajafika kwenye prosesa. Kazi ya kichawi ile. Mwaka 2005 watengeneza prosesa Intel wakaweka msaada ndani ya prosesa yenyewe, wakauita VT-x, wapinzani wao AMD wakafuata 2006. Hiyo swichi ya BIOS ndo hiyo kengele.

Basi, Ubuntu ikawaka. Nikafurahi nikaongeza mpangaji wa pili, Windows 10 nyingine kwa ajili ya majaribio. Hapo ndo matatizo yakaanza. Ukiwasha wote wawili kompyuta inakuwa nzito mpaka mshale wa kipanya unaruka ruka, ukibonyeza menyu unaenda kuchota maji unarudi ndo inafunguka. Fundi mmoja nikamuelezea, bila hata kuangalia akasema "ongeza RAM." Na mimi nikaongeza, kutoka 8 mpaka 16, hela yenyewe nilikuwa nimeiweka ya kodi. Nikachomeka, nikawasha, nikawasha wapangaji wangu wawili.

Kidogo tu. Ilibadilika kidogo sana, yaani kama umemeza panadoli ukiwa na jino bovu.

Nikafungua Task Manager, ile ya Windows inayoonyesha nini kinatumika kiasi gani, nikaitolea macho. Prosesa asilimia 11. RAM asilimia 58. Diski asilimia 100, na haishuki. Chini yake kuna namba watu wengi hawaiangalii, muda wa wastani wa diski kujibu, ilikuwa inasoma milisekunde 900 na kitu. Karibu sekunde nzima kila programu ikiomba kitu kwenye diski. Hapo ndo nilipokumbuka choo cha Tandika. Mimi nilikuwa nimejenga vyumba zaidi, choo ni kilekile.

Hesabu yake ni rahisi na mi napenda sana kuipiga mbele za watu. Diski ya kawaida inazunguka mara 7200 kwa dakika, gawa kwa 60 unapata mizunguko 120 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 8 na kitu. Ukitaka kipande fulani cha data, kwa wastani unasubiri nusu mzunguko kije chini ya kichwa, milisekunde 4. Kabla ya hapo kile kichwa kinachosoma lazima kitembee mpaka kwenye mstari wenyewe, hiyo ni kama milisekunde 8 au 9 nyingine. Jumla 12 au 13. Sasa kwenye sekunde moja zinaingia ngapi? Kama 80. Themanini tu! Prosesa inafanya mabilioni ya mambo kwa sekunde halafu inasimama inasubiri kitu kinachoweza safari 80.

Utaniambia mbona nikikopi muvi inaenda freshi, MB 100 kwa sekunde. Ndiyo, kwa sababu muvi imelala mfululizo, kichwa kinakaa sehemu moja kinasoma tu. Ila ukiwa na mwenye nyumba anasoma kule mwanzo, mpangaji wa kwanza faili lake liko katikati, wa pili lake liko mwisho, na Windows zote mbili zimeamua kuapudeti muda mmoja (na zitaamua, hazina aibu), kile kichwa kinakimbia huku na huku kama konda wa daladala asubuhi. SSD, diski ya chipu isiyozunguka, haina kichwa cha kukimbia. Hata ile ya bei ya chini ya SATA (aina ya muunganisho wa diski) inafanya makumi ya maelfu ya safari kwa sekunde.

Kwahiyo jibu lilikuwa SSD, ila hela ndo nilikuwa nimeshaimalizia kwenye RAM. Mtu mwenye akili angesubiri mwisho wa mwezi. Mimi nikaanza kutafuta njia ya mkato.

Nikatoa Windows kwenye kompyuta nikaweka Debian, aina nyingine ya Linux, wapangaji nikawahamishia KVM, nayo ya kuendesha VM kama VirtualBox. Hili silijutii hata kidogo, KVM iko ndani ya kerneli, kile kiini cha Linux yenyewe, tangu toleo 2.6.20 la Februari 2007, na mwenye nyumba mwenyewe anakula kidogo, Debian bila madoido inaamka na MB mia chache wakati Windows ilikuwa inachukua GB 2 na nusu kabla sijafungua chochote. Kuna programu ya kubofya bofya inaitwa virt-manager kwa wasiopenda kuandika amri. Kitu kimoja kiliniumiza jioni nzima: nilitaka wapangaji waonekane kwenye rauta kama kompyuta za kawaida, kila mmoja na anwani yake, na mi natumia waifai, ikagoma katakata. Waifai ni kama mlinzi wa geti aliyeandikishwa jina moja, akiona mtu mwingine anatokea mlango huohuo anamkataa. Vuta waya mpaka kwenye rauta, yanaisha. Au waache watoke wote kwa jina la mwenye nyumba, kwenye NAT, kwa kujifunza inatosha.

Turudi kwenye njia ya mkato. KVM ina mahali pa kuchagua jinsi mpangaji anavyoandika kwenye diski, na kuna chaguo moja linaitwa unsafe. Jina lenyewe linasema "si salama", wameandika wazi, hawakuficha. Maana yake ni hivi: kawaida mpangaji akisema "hii data ni muhimu, hakikisha imeandikwa kwenye diski kabla hujanijibu", mwenye nyumba anaandika kweli ndo anamjibu. Ukiweka unsafe mwenye nyumba anajibu "tayari bosi" papo hapo, data iko bado kwenye RAM, ataandika akijisikia. Wee, spidi yake! Diski ileile ya kuzunguka, Debian ya ndani ikawa inainstoli vifurushi kama iko kwenye SSD. Nikajiona mjanja kuliko mafundi wote wa Kariakoo. Nikakaa nayo hivo wiki tatu, nikaweka humo ndani sistimu ya duka la dawa niliyokuwa namtengenezea jamaa, data zake zote za majaribio, na kila nikimaliza hatua napiga snapshoti, yaani natunza mashine ilivyo saa hiyo niweze kuirudia, zikafika kumi na moja.

Jumanne moja saa nne usiku, niko katikati ya kuandika kodi ya programu, giza. Nikasema umeme umekatika, nikachungulia dirishani, kwa jirani taa inawaka. Luku imeisha. Yaani hata wa kumlaumu hayupo. Nimenunua umeme kwa simu, nimeingiza tokeni, nimewasha kompyuta, Debian ya nje ikaamka vizuri kabisa. Nikawasha mpangaji. Skrini nyeusi, neno initramfs, yaani mfumo umeshindwa kuamka, na kimshale kinapepesa.

Nikapiga fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mafaili ya diski, ikaanza kuuliza maswali, nirekebishe hiki, nirekebishe kile, mwanzoni nilikuwa nasoma kabla ya kujibu, baada ya dakika tano nikawa nabonyeza y tu kama mtu anayesali. Ikaisha, mfumo ukaamka nusu nusu, folda ya lost+found imejaa mafaili yenye majina ya namba, MariaDB, ile programu inayotunza data, haitaki kuwaka kabisa. Nikasema si nina snapshoti kumi na moja. Rudi ya jana. Haifunguki. Rudi ya juzi. Haifunguki.

Hapo ndo niliposoma vizuri snapshoti ni nini. Kwa jinsi nilivyokuwa nazipiga zinakaa ndani ya faili lilelile la qcow2 (aina ya faili ambalo ndo diski ya mpangaji), diski ileile, na ile ramani inayosema kipande gani ni cha jana na kipi cha leo nayo ilikuwa inaandikwa kwa mtindo wa "tayari bosi". Ramani ikivurugika, za jana na za juzi zimeenda pamoja. Ni kama kuficha funguo ya akiba ndani ya chumba hichohicho ulichokifunga. Snapshoti ni nzuri sana kabla ya kujaribu kitu cha hatari, unapiga, unajaribu, ikiharibika unarudi, dakika moja. Ila bakapu si hiyo. Saizi kila Jumapili usiku nazima wapangaji mmoja mmoja, nakopi mafaili yao kwenye diski ya nje, naichomoa, inalala kabatini chini ya mashuka. Wiki tatu za kazi zilienda. Kodi ya programu niliipata yote kwa bahati kwa sababu nilikuwa naiandikia nje ya mpangaji, ila data zote nikaanza kuingiza upya, dawa moja moja, Panadol, Amoxicillin, gozi, mpaka vidole vikaota sugu.

Mwisho wa mwezi nikanunua SSD ya GB 240. Nikahamisha wapangaji, nikarudisha ile setingi ya diski kwenye ya kawaida, nikawasha wanne kwa mpigo. Sekunde 20 wote wameamka. RAM nilizoongeza ndo zikaanza kuonekana kazi yake hapo.

Halafu nikafanya kosa lingine, la diski hilohilo. Hizi diski za kubuni unaweza kumwambia mpangaji una GB 60 lakini faili lenyewe linaanza na MB chache, linanenepa kadri anavyojaza. Tamu hiyo. Nikawagawia wapangaji watano GB 60 kila mmoja, piga hesabu mwenyewe, 300, na nyumba yangu ni 240 ukiondoa na za mwenye nyumba. Kama kuuza viwanja vitano penye eneo la vitatu, mpaka siku wote waje kujenga. Na wakaja kujenga. Asubuhi moja naona wapangaji wote wamesimama, hawajazimika, wameganda, virt-manager inaandika kwamba wamesitishwa. SSD imejaa kabisa. KVM ikikosa pa kuandikia inamgandisha mpangaji mahali alipo badala ya kumuacha aharibike, na kwa hilo nawavulia kofia. Nikafuta mafaili ya kuinstolia, Windows ISO moja peke yake ilikuwa GB 5 na ushee, nikapiga virsh resume, amri ya kuwaachia, wakaendelea kama hakuna kilichotokea, hata saa zao zilichelewa kwa muda waliokaa wameganda.

Kilichonishangaza nikafuta vitu ndani ya wapangaji, muvi, logi, kila kitu, nikarudi nje kuangalia, nafasi haijaongezeka hata MB moja. Mpangaji akifuta kitu anafuta kwenye daftari lake tu, mwenye nyumba haambiwi. Inabidi umruhusu kwenye setingi za diski, inaitwa discard, iwe unmap, halafu ndani ya Linux unapiga fstrim, ndo faili linapungua.

Sasa niwaelezee mzee wa spea, maana ndo VM ya kwanza kuniingizia hela.

Huyu mzee ana duka la spea za magari, na ana programu ya stoo na ankara aliyonunua zamani, aliyeitengeneza hapatikani tena, inaendeshwa kwenye Windows 7 na haitaki kuhama. Kompyuta yenyewe ilikuwa inajizima yenyewe mchana mara tatu mara nne. Kuinstoli upya hawezi, CD ilishapotea. Nikamwambia mzee, hatuhamishi programu, tunahamisha kompyuta nzima kama ilivyo. Akaniangalia tu.

Kuna kiprogramu kidogo cha bure cha Microsoft kinaitwa Disk2vhd, unakiendesha ndani ya Windows ikiwa inawaka hivohivo, kinanyonya diski yote kinaitoa kama faili moja la VHD kwenye diski ya nje. Ilichukua kama saa mbili, huku naomba Mungu ile kompyuta isizime, na ilizima mara moja tukaanza upya. Nyumbani nikaligeuza kwa amri ya qemu-img kwenda qcow2. Hapa angalizo dogo, VHD kwenye hiyo amri usiandike vhd, inaitwa vpc, jina la ile Virtual PC ya zamani ya Microsoft, mimi lilinipotezea nusu saa. Nikaunda mpangaji, nikampa hilo faili, nikawasha. Skrini ya bluu, 0x0000007B. Windows imeamka kwenye nyumba ngeni inatafuta mlango wa diski iliouzoea haiuoni, maana kule dukani diski ilikuwa inaongea kwa IDE, muunganisho wa zamani, mimi nimempa SATA. Nikabadilisha kwenye setingi ikawa IDE, nikawasha tena, bendera nne za rangi, muziki ule, na hiyo hapo desktopu ya mzee na picha ya mjukuu wake amevaa joho la chekechea.

Akaja kuangalia nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, hujambo kijana wangu. Imeamka?"

Nikamgeuzia skrini. Akaivuta miwani chini ya pua, akasogea mpaka karibu na kioo. Akafungua programu yake mwenyewe, akatafuta bushi za Hiace, idadi ikatoka. Kisha nikafanya makosa ya kuipunguza ile windo, ikawa ndogo pembeni, nyuma inaonekana Debian yangu.

"Eh. Kompyuta yangu umeiingizaje humu?"

Nikamuelezea kwa nyumba ya kupanga, vyumba, jiko, korido, choo, kama nilivyowaelezea nyie. Akaelewa haraka kuliko wanafunzi wa IT niliowahi kuwafundisha. Swali lake la kwanza lilikuwa zuri hata mi sikulitegemea, "sasa huyu mpangaji akileta mgonjwa ndani, nyumba nzima si tunaumwa?" Windows 7 Microsoft waliacha kuilinda tangu tarehe 14 Januari 2020, ikikanyaga mtandao siku hizi ni kama mtoto bila chanjo. Kwahiyo nimemtoa kabisa kadi ya mtandao, programu ya stoo haihitaji intaneti hata kidogo. Anaishi chumba hakina dirisha.

Dukani nikamfungia kompyuta ya mtumba, Debian, mpangaji mmoja tu anayefunguka skrini nzima ikiwashwa, mzee hajui hata kuna Linux chini. Kilichobaki ni printa. Ana ile printa ya zamani inayogonga gonga, anaipenda kwa sababu inatoa ankara na nakala za kaboni, na inatumia ule mlango mpana wa pini nyingi ambao kompyuta mpya haina. Tukanunua waya wa kugeuza kwenda USB, nikaikabidhi hiyo USB moja kwa moja kwa mpangaji, mwenye nyumba asiiguse.

Na wewe uliyeuliza una RAM 8, ukiwa na SSD jibu ni hili: mwachie mwenye nyumba GB 2 na nusu au 3 kama ni Windows, kama ni Linux hata 1 na nusu inatosha, kinachobaki gawa. Debian ya seva bila skrini GB 1 inamtosha kabisa, Windows 10 usimpe chini ya 3 utamtesa. Kore usiogope kuzigawa kuliko ulizonazo, mimi nina 4 na nimegawa 8, maana wengi wao wanalala, ila usimpe mtu mmoja zote nne, siku akichachamaa utakosa hata pa kubonyeza umzime. Ukiwa na diski ya kuzunguka, mpangaji mmoja, na siku akiapudeti wewe toka kapige stori nje.

Siku tunafunga dukani nikabonyeza chapa, tukasubiri, kimya, nikaanza kutoka jasho, halafu ile printa ikaanza kulia krrr krrr, ankara ikatoka na kaboni zake mbili. Mzee akaikata, akaisoma mstari kwa mstari, akaikunja akaweka mfukoni. Akakaa kidogo anaiangalia kompyuta.

"We ulisema anakaa peke yake humu?"

"Peke yake mzee."

"Na choo umempa kizuri, kile cha kisasa?"

"SSD mzee, cha kwake na mwenye nyumba tu."

"Basi anaishi vizuri," akasema, "kuliko mimi nilipokuwa napanga Keko."